Hesabu ya Makosa

Kosa ni jirani wa kila kazi. Hukaa karibu na mwandishi na mpimaji, hakimu na mganga, na mlango wake hauna komeo. Mtu mwenye hekima hajisifu kuwa hakosi; hujitahidi kulijua kosa lake kabla halijamdhuru yeye au mwenzake. Fundi mwema na fundi mbaya huenda wakalingana kwa idadi ya makosa, lakini mmoja huyahesabu na mwingine huyafunika.

Mwaka 2010, katika ofisi moja ya bara, mbali na pwani ya Tanzania, karani mwanamke nusura aachishwe kazi kwa kosa lisilokuwa lake. Aliyemponza hakuwa adui yake wala mwongo. Alikuwa fundi mwaminifu aliyeona nusu ya kweli akaidhania kuwa nzima. Habari yao yastahili kusimuliwa. Lakini haitafahamika vema mpaka ijulikane kwanza jinsi mashine zinavyolinda neno lisiharibike njiani.

Ulinzi wa neno si jambo geni kwa Waswahili. Mnakili wa tenzi wa zamani, aliyekaa na kalamu ya mwanzi kunakili mamia ya beti, alikuwa na kinga moja kubwa mkononi mwake. Kila kipande cha utenzi kina mizani 8. Vipande vitatu vya kwanza hushika kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachofunga utenzi mzima. Mnakili aliposinzia akaruka neno, mizani ilipungua. Alipoongeza neno lake, mizani ilizidi. Msomaji wa mji mwingine, ambaye hakupata kuuona mswada wa asili, aliweza kuhesabu kwa vidole vyake na kusema, "Hapa pameharibika." Hata hivyo mizani haikumwambia neno lililopotea ni lipi. Tena, kama mnakili alibadili neno kwa neno jingine lenye mizani sawa na kina sawa, kosa lilipita mbele ya mlinzi likiwa limevaa nguo za haki. Kujua kuwa pana kosa ni jambo moja, na kujua haki ilikuwa nini ni jambo la pili.

Waya wa simu ya maandishi ulipofika Unguja mwaka 1879, ukitoka Aden na kuendelea kusini mpaka Durban, maneno yalianza kusafiri chini ya bahari kwa mwendo ambao jahazi wala meli haukuuota. Hatari nayo ilipanda chombo kile kile. Tarakimu moja ikigeuka, mfanyabiashara huagiza mizigo asiyoitaka. Kwa hiyo katika kazi ya simu pakawa na desturi ya kurudia tarakimu, na mpelekaji aliyetaka hakika aliweza kulipa zaidi ili maneno yake yarudiwe. Marudio yalikuwa kinga, lakini kinga ya gharama: aliyesema jambo mara mbili alilipia njia zaidi.

Namna ya kupata kinga kubwa kwa gharama ndogo ilitafutwa na wataalamu wa hesabu. Mwaka 1947 Richard Hamming, aliyekuwa katika maabara za Bell huko Marekani, alikuwa akiiachia mashine ya kukokotoa kazi zake mwisho wa juma, wakati ambapo wahudumu hawakuwapo. Mashine ile iliweza kugundua kosa. Lakini ikilipata, na hapana mtu wa kuisaidia, iliitupa kazi ile ikashika nyingine. Hamming alirudi Jumatatu akakuta kazi yake haikufanyika. Akajiuliza: ikiwa mashine yaweza kujua kuwa pana kosa, kwa nini isijue kosa liko wapi ikalisahihisha? Jibu la swali hilo alilichapisha mwaka 1950. Mwaka 1961 W. Wesley Peterson na D. T. Brown wakaeleza kwa upana namna nyingine, isiyosahihisha kosa ila yenye jicho kali la kuliona. Namna hiyo, ambayo mafundi huiita CRC, imekuwa mlinzi wa milango mingi ya mawasiliano duniani.

Siri yake ni ugawanyaji ambao mtoto wa shule aufahamu. Tuseme mtu ataka kupeleka namba 4,183, na amepatana na mwenzake kuwa kila namba itagawanywa kwa 7. Akigawanya, hubaki 4. Hupeleka namba pamoja na baki lake. Mwenzake akipokea 4,193 badala ya 4,183, atagawanya kwa 7 na kukuta hakuna baki. Atajua mara moja kuwa mgeni huyu si yule aliyetumwa. Lakini akipokea 4,253, atakuta baki ni 4 kama alivyoambiwa, naye atafungua mlango kwa mgeni wa uongo. Kigawanyo kidogo ni mlinzi asiyeona mbali. Kwa sababu hii mashine hutumia kigawanyo kikubwa na hesabu isiyobeba tarakimu kutoka safu moja kwenda nyingine. Katika itifaki iitwayo HDLC, baki la kawaida huwa na biti 16. Kwa kipimo kinachotumiwa humo, kila kundi la makosa lililofuatana katika urefu wa biti 16 au pungufu hukamatwa bila kukosa. Kundi lililo refu zaidi huweza kuponyoka, lakini nafasi yake ni kama moja katika 65,536.

Mlinzi huyo husimama katika mlango wa ruta. Ruta ni mashine ya njia panda: hupokea mafungu ya habari, husoma anwani zao, huyaelekeza yaendako. Ina milango ya namna nyingi, na mmoja uliotumika sana katika kuunganisha miji ni mlango wa mfululizo. Umeitwa hivyo kwa sababu biti hupita humo moja baada ya moja, kama siafu katika mstari. Biti hizo hufungwa katika mafurushi yaitwayo fremu, na kila furushi hubeba baki lake mwishoni.

Kuutayarisha mlango huu ni kazi ya mapatano kuliko ya nguvu. Kwanza, pande mbili lazima zifunge mafurushi yao kwa namna moja. Upande mmoja ukitumia HDLC na wa pili itifaki nyingine, waya utakuwa mzima na mazungumzo yatakuwa maiti. Pili, lazima awepo mmoja wa kupiga mapigo ya saa, na mwingine wa kuyafuata, kama wavuta makasia wanavyomfuata mwimbishaji wao. Chombo chenye waimbishaji wawili huzunguka mahali pamoja. Tatu, pande zote hutumiana salamu za kujuliana hali. Katika ruta za Cisco salamu hiyo hutoka kila sekunde 10 kama haikubadilishwa, ikiwa na namba yake na namba ya mwisho iliyosikika kutoka kwa mwenzake. Maana yake ni, "Mimi nasema hili, nami nimekusikia ukisema lile." Salamu zikipita tatu bila ya jibu, ruta hukata shauri kuwa mwenzake hayupo, na mlango huhesabiwa kuwa umefungwa ijapokuwa umeme ungali unapita katika waya.

Iko amri moja ambayo huwadanganya wanafunzi wa kazi hii. Fundi huweza kuiambia ruta kuwa njia fulani ina upana wa kiasi fulani. Mwanafunzi huandika namba kubwa akitumaini mwendo utaongezeka. Hauongezeki hata kidogo. Namba ile ni sifa tu, ambayo ruta hutumia wakati wa kuchagua njia. Sifa ikiwa ya uongo, ruta zitaelekeza mizigo mikubwa katika kichochoro zikidhani ni barabara kuu. Kama ilivyo kwa wanadamu, cheo kilichoandikwa katika karatasi hakimpi mtu uwezo ambao hana, bali humletea mzigo utakaomvunja.

Sasa turudi kwa karani. Waya wa SEACOM ulikuwa umeanza kazi pwani ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai 2009, na ofisi nyingi zilitaka kuongeza mwendo wa njia zao. Ofisi hiyo ya bara nayo ilipandisha njia yake ya kwenda Dar es Salaam kutoka biti 64,000 kwa sekunde hata 2,048,000, yaani mara 32. Katika matengenezo hayo modemu ilihamishwa kutoka meza moja na ruta, ikapelekwa chumba cha pili, na waya mrefu ukapitishwa ukutani kuziunganisha. Watu walishangilia. Kurasa za intaneti zilizochukua dakika nyingi zilifunguka kwa kufumba na kufumbua.

Baada ya majuma machache makao makuu yalianza kulalamika. Taarifa za kila juma, zenye majedwali marefu ya hesabu, hazifiki; au hufika siku tatu baada ya siku yake. Mkuu wa ofisi akamwita karani aliyekuwa na kazi ya kuzipeleka.

"Binti yangu, taarifa ziko wapi?"

"Mzee, nimezipeleka. Kila Ijumaa nazipeleka, na mashine hunirudishia. Nazipeleka tena."

"Mbona barua zako fupi zafika siku ile ile? Njia ya barua na njia ya taarifa si moja?"

Karani hakuwa na jibu. Swali lilikuwa na sura ya haki, na swali lenye sura ya haki ni zito kuliko tusi. Mkuu, ambaye hakutaka kumwonea mtu, alimwita fundi wa ofisi aangalie njia. Fundi akafungua ruta, akasoma hesabu ya mlango wa mfululizo, akaona mahali pa makosa pameandikwa sifuri.

"Njia ni safi, Mzee," akasema. "Hapana kosa hata moja."

Maneno hayo yaliandikwa katika jalada la karani. Barua ya onyo ikatoka, kisha ya pili. Ilijulikana kuwa ya tatu itakuwa ya kumuaga. Karani alikuwa mjane mwenye watoto wawili shuleni. Hakulia mbele ya watu, wala hakugombana na mtu. Jioni moja alikwenda katika chumba cha fundi akasimama mlangoni.

"Hodi, kaka fundi. Nina swali la mjinga."

"Karibu, dada. Kuuliza si ujinga."

"Ile sifuri uliyoisoma, ni ya maneno yanayokuja kwetu au yanayotoka kwetu?"

Fundi alifungua kinywa kujibu, akakifunga. Alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi, na jibu alilijua kabla ya kuulizwa. Lakini hakupata kulifikiri kama mtu ambaye riziki yake imening'inia juu yake. Ruta huyapima mafurushi inayoyapokea. Hugawanya, hulinganisha baki, na lililoharibika hulitupa na kuliongeza katika hesabu. Kwa mafurushi inayoyatoa haina habari yoyote ya CRC, maana kipimo hicho hufanyika mwisho wa safari, katika mlango wa mwenzake. Sifuri ya fundi ilikuwa sifuri ya sauti ya Dar es Salaam. Sauti ya ofisi yake mwenyewe hakuwa ameipima. Wahenga walisema kuwa nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Na ruta ni nyani wa namna hiyo kwa maumbile yake.

Usiku ule ule alimpigia simu fundi mwenzake wa makao makuu, akamwomba asome hesabu ya mlango wa upande wake. Kimya kilipita. Kisha mwenzake akasema, "Ndugu yangu, huku makosa ni maelfu." Mafundi wana kanuni kwamba makosa yakizidi moja katika mia ya mafurushi yanayopita, njia ina ugonjwa. Njia hii ilikuwa imeuvuka mpaka huo zamani.

Walifuta hesabu za kale pande zote mbili ili wajue kosa la leo na kosa la jana, wakaanza kujaribu. Fundi alipeleka mafurushi madogo ya baiti 100. Karibu yote yalifika. Akapeleka ya baiti 1,500, mengi yalipotea. Hapo kitendawili cha Mkuu kikateguka. Furushi la baiti 100 lina biti 800, na la baiti 1,500 lina biti 12,000. Kama biti moja huharibika hapa na pale, furushi refu lina hatari mara 15 ya lile fupi, na biti moja tu yatosha kulifanya lote litupwe. Barua fupi ilihitaji mafurushi machache ikapenya. Taarifa ndefu ilihitaji mamia. Kila lililotupwa lilipaswa kupelekwa tena, mwendo ukazidi kupungua, mwisho mashine ya posta ikakata tamaa. Barua fupi, ambazo zilikuwa shahidi wa kumtia karani hatiani, zilikuwa zikisema kweli yake tangu mwanzo. Ila hapana aliyejua lugha yao.

Ikabaki kujua ugonjwa uko wapi. Fundi aliiamuru modemu irudishe maneno yote inayopewa, yasitoke nje ya chumba. Kwa mara ya kwanza ruta ikaisikia sauti yake yenyewe, na sauti hiyo ikaikataa: hesabu ya makosa, iliyokuwa sifuri siku zote, ikaanza kupanda. Basi njia ndefu ya kwenda pwani haikuwa na hatia. Ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba, katika waya ule mrefu uliopita ukutani. Modemu ilipiga pigo la saa. Pigo likasafiri mpaka kwa ruta. Ruta ikatoa biti kwa kulifuata pigo. Biti ikarudi kwa modemu ikiwa imechelewa. Wakati wa mwendo wa 64,000 kila biti ilikuwa na muda zaidi ya sehemu 15 za milioni ya sekunde, na kuchelewa huko hakukuonekana. Kwa mwendo wa 2,048,000 kila biti ilikuwa na chini ya nusu ya sehemu moja ya milioni, na kuchelewa kule kule kuliifanya modemu isome biti ukingoni mwake, wakati mwingine hiyo, wakati mwingine jirani yake. Kasoro iliyosamehewa na mwendo wa polepole ilihukumiwa na mwendo wa haraka.

Dawa ilikuwa amri moja ya kugeuza pigo la saa upande wa kutoa, na kesho yake modemu ikarudishwa karibu na ruta kwa waya mfupi. Hesabu zilifutwa tena. Zilisomwa baada ya siku nzima, huku na huko, kwa simu, fundi akisikiliza namba ya mwenzake na mwenzake akisikiliza yake. Zilikuwa sifuri mbili.

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi haikuwa ya waya. Fundi alikwenda kwa Mkuu akasimama mbele ya meza.

"Mzee, dada yule hana kosa. Kosa lilikuwa la njia, na kosa la pili lilikuwa langu."

"Lakini ulisema njia ni safi."

"Nilisema nilichosikia, Mzee. Sikuuliza jinsi tulivyosikika."

Mkuu alitoa barua mbili katika jalada, akazipasua, akamwita karani na kumtaka radhi mbele ya fundi. Karani akapokea radhi kwa adabu. Alipotoka alimwambia fundi maneno machache, bila ya uchungu:

"Mashine ilipotuhumiwa ilisomwa hesabu zake pande mbili. Mimi nilisomwa upande mmoja."

Huenda msomaji akadhani kuwa mlinzi wa mlango, akisomwa pande mbili, atosha kwa kila hatari. Mwaka 2000 Jonathan Stone na Craig Partridge walichapisha uchunguzi uliowastua wengi. Walikusanya mafurushi yaliyopita katika njia za kweli, wakayapima kwa hesabu ya pili, ile inayobebwa ndani ya itifaki ya TCP kutoka mwanzo wa safari hata mwisho. Wakakuta kuwa kati ya furushi moja katika 1,100 na moja katika 32,000 lilikuwa na kosa, ijapokuwa CRC ya kila kituo ilikuwa imeyapitisha. Makosa mengi hayakuzaliwa katika waya. Yalizaliwa ndani ya mashine zenyewe, katika kumbukumbu zao na programu zao, baada ya mlinzi mmoja kumaliza kazi na kabla ya wa pili kuanza. Furushi lililoharibika ndani hupewa baki jipya na sahihi mlangoni wakati wa kutoka, likaendelea na safari kwa cheti halali. Kwa hiyo wenye kutunza habari nzito hawatosheki na walinzi wa vituo. Hupima pia mwisho kwa mwisho, kutoka mkono uliotoa hata mkono uliopokea.

Siku hizi milango ya mfululizo ya zamani imeondolewa katika ofisi nyingi, na nuru ipitayo katika nyuzi za kioo imechukua nafasi yake. Mapigo ni mepesi zaidi, mafurushi ni mengi zaidi, na baki la biti 32 limezoeleka. Lakini kanuni haikuhama. Kila mlango wa kupokea ungali ukihesabu makosa ya yule anayesema nao, na mwenye kutaka kujua makosa ya sauti yake hana budi kumwuliza aliyemsikiliza.

Inasemekana fundi yule aliendelea na desturi moja. Kila alipoitwa kutoa ushahidi juu ya njia, alisoma hesabu ya mlango wake, akaiandika, kisha akaacha nafasi tupu kando yake. Hakutia sahihi mpaka nafasi ile imejazwa namba kutoka upande wa pili.